Dereva wa trela na elfu sita za asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuacha sigara

## Mwenye kisa

Kisa hiki ni cha mtu mmoja, naye amekubali kisimuliwe. Nimeficha jina lake, la tajiri wake, la mji anakokaa na la zahanati yangu, na miezi nimeisogeza kidogo. Hesabu za fedha sikuzigusa, maana ukizitoa hizo hakibaki kisa.

Mimi ni muuguzi; hapa wananiita musawo. Zahanati yetu imepakana na uwanja wa kuegesha malori, upande wa Uganda wa mpaka, na wengi ninaowahudumia ni madereva na matanboi wao, yaani wasaidizi wao wa garini. Lugha ya hapa ni Kiswahili. Anayetoka Mombasa, anayetoka Mbale na anayetoka Bukavu hawana nyingine ya kugombania foleni.

Nitamwita Baba Zai. Ana miaka 46, mke na watoto wanne, na njia yake ni Malaba, Jinja, Kampala, Karuma, Gulu hadi Elegu kwenye mpaka wa Sudan Kusini, mara nyingine anavuka hadi Juba. Alizaliwa kambi ya polisi, na Kiswahili chake ni kile cha watoto wa kambini, chenye amri nyingi na heshima nyingi kwa pamoja. Sigara alianza akiwa na miaka 17. Mama yake alifariki akiamini kwamba mwanawe alifundishwa na wahuni. Yeye anasema alifundishwa na kazi.

Aliniambia hivi, akikumbuka alipokuwa tanboi. Usiku dereva ana mikono yote miwili kwenye usukani, kwa hiyo kuwasha ni kazi ya tanboi. Unaiweka sigara mdomoni, unaikinga na upepo wa dirisha, unaipiga kiberiti, unavuta mara moja au mbili ishike vizuri, ndipo unampa mkubwa. Ukimpa iliyozima anakutukana. "Sasa musawo, nikiwasha kumi usiku mmoja, si nimevuta kumi?" Miezi miwili baadaye alikuwa anawasha ya mkubwa na yake.

Nilipokutana naye alikuwa ananunua sigara 20 kwa siku, moja moja, shilingi 300 kila moja. Pakiti nzima ingemgharimu pungufu kwa kama shilingi 1,000, lakini aliikwepa kwa sababu pakiti ikionekana mfukoni huwa ya watu wote. Na kwa kweli hata hizo 20 hakuzivuta zote: nne tano zilikwenda kwa wenzake, kwa askari wa geti, kwa kijana anayekimbiza karatasi za mzigo. Nitarudi kwenye hizo nne tano, kwa sababu nilichelewa sana kuziona.

Kuuza sigara moja moja Uganda ni kosa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza hilo, inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuvuta mahali pa umma na mita 50 kuzunguka hapo. Kibanda alichonunua Baba Zai kiko hatua kama 30 kutoka mlango wetu.

## Jaribio la Januari

Alikuja kwa ajili ya kikohozi cha zaidi ya wiki tatu. Kikohozi cha kuvuka wiki mbili kwetu ni makohozi kwenda kupimwa kifua kikuu, hakuna mjadala. Majibu yalikuja safi. Shinikizo la damu lilikuwa 152 juu ya 96.

Nikamhutubia. Sina neno lingine. Nilimwonyesha picha ya pafu la mvutaji, akaitazama kwa makini, akaniuliza kama ni ini. Nikamwambia aache siku hiyohiyo, akasema sawa, akanipa pakiti ya kiberiti kama ushahidi, tukaagana. Sikumwuliza kesho anakwenda wapi. Kesho alikuwa anakwenda Elegu.

Siku tatu za kwanza alipita nazo barabarani akitukana kila aliyempita. Siku ya nne alikuwa Elegu kwenye foleni, karatasi za mzigo hazijatoka, joto na vumbi, hakuna cha kufanya isipokuwa kukaa kivulini chini ya trela pamoja na wenzake. Mmoja akamnyooshea: "Shika mzee, upoze kichwa." Hadi jioni alikuwa amevuta kiasi chake cha siku nzima. Kwa wiki kadhaa akawa anapita upande wa pili wa uwanja ili asinione.

Alipokuja kuniambia, nilimwuliza swali moja ambalo kwa bahati lilikuwa zuri: zile elfu 18 ulizookoa siku tatu ziko wapi? Akacheka. Hazikuwepo. Pale Namawojjolo, kwenye soko la kando ya barabara, alikuwa amekula kuku na gonja (ndizi za kuchoma) kwa kujipongeza, tanboi akaongezwa kidogo, salio la simu likanunuliwa. Mfuko wa shati ambao zamani ulitoa 300, 300, 300 uliendelea kutoa, ila sasa kwa vitu vingine. Mimi na yeye tulikuwa tumeambiana kwamba akiacha sigara atapata pesa, na siku tatu zilitosha kuonyesha kwamba si kweli. Pesa isiyovutwa haijiweki popote.

## Daftari la Hajati

Mwezi Mei binti yake mkubwa, aliye kidato cha pili, alirudishwa nyumbani kwa deni la ada la shilingi 240,000. Baba Zai akaenda kwenye kikundi chetu cha akiba na mikopo, chenye wanachama kama 40, madereva na wachuuzi wa uwanjani. Mweka hazina ni mama wa makamo, mchuuzi wa nyanya na vitunguu, tunamwita Hajati. Mimi ni mwanachama wa kawaida tu, na siku ile nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nadaiwa.

Hajati alimwambia atoe vilivyomo mfuko wa shati aviweke juu ya meza. Vikatoka sigara tatu, kiberiti cha gesi, pipi mbili za minti na noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne. Akamwuliza za siku ni ngapi. Akaandika: 6,000. Akapiga mstari, akaandika 180,000. Akapiga mwingine: 2,190,000.

"Hajati, hiyo hesabu naijua," Baba Zai akasema. "Kila mtu ameshanipigia."

"Unaijua kwa mdomo. Mimi nataka kuishika."

Mpango aliompa ulikuwa huu. Kikundi kitamlipia ada zote 240,000 siku hiyohiyo. Yeye, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, popote alipo, atatuma 6,000 kwenye laini ya kikundi, siku 40, deni liishe. Baada ya hapo ataendelea kutuma na zitakuwa akiba yake, ambayo hawezi kuigusa bila sahihi za viongozi wengine wawili. Ada ya kutuma ni juu yake. Kutoa nako kuna gharama yake pamoja na kodi ya asilimia 0.5, kwa hiyo walikubaliana watoe mara chache na kwa mkupuo.

Angalia alichokiacha. Hakumwambia aache sigara. Baba Zai ndiye aliyeuliza, "Na nikivuta?" Akajibiwa: "Vuta, mimi si mumeo wala mama yako. Lakini elfu sita yangu inatangulia." Kwa mtu anayeishi kwa pesa ya njia, inayohesabiwa na tajiri safari kwa safari, elfu sita ikishatoka asubuhi hakuna elfu sita nyingine. Alikuja kwangu jioni ile na hofu ambayo pafu jeusi halikuwahi kumtia.

## Maamuzi ya mara ya pili

Safari hii niliuliza kabla ya kusema. Swali la kwanza: ukiamka, sigara ya kwanza inachukua dakika ngapi? Akasema hajawahi kushuka kitandani kwenye kabini bila kuwasha. Jibu hilo ni kipimo kizuri kuliko idadi ya sigara. Anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka ameshikwa sana, na anayewasha ndani ya dakika tano zaidi. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya kuvuta, na nusu yake huwa imeondoka mwilini kwa muda wa kama saa mbili. Usiku mzima bila sigara ni mwili kuamka umekauka. Nilimweleza pia kwamba arosto, yaani taabu ya mwili ulionyimwa nikotini, hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka kwa wiki mbili hadi nne, na kwamba kila wimbi peke yake halikai zaidi ya dakika chache. Hili la dakika alilipenda. Dereva anajua kungoja akiambiwa ni muda gani.

Swali la pili: utakuwa wapi siku hizo tatu? Trela lilikuwa linaingia gereji kwa ajili ya giaboksi, siku nane. Tukachagua siku ya kwanza ya gereji. Mwenzangu mmoja kazini alipinga. Alisema mtu ajifunze kuacha palepale anapovutia, la sivyo anaacha nyumbani na kurudia barabarani. Hoja yake ina nguvu. Niliamua hivyo kwa sababu nyingine kabisa: sikutaka mtu mwenye arosto ya siku ya pili awe anaendesha tani 28 mteremkoni usiku.

Dawa hatukuwa nazo. Chingamu na plasta za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, lakini orodha ni karatasi, kabati ni kabati. Mpwa wake alimnunulia boksi moja la chingamu kwenye famasi kubwa Kampala, miligramu 2. Na hapa nilikosea. Nilidhani maelezo yamo ndani ya boksi. Baba Zai aliitafuna kama chingamu ya watoto, mfululizo, akishushia na kahawa. Akapata kwikwi na koo kuwaka moto, akalisukumia boksi kwa jirani. Inatakiwa utafune taratibu mpaka usikie inachomachoma, uibane kati ya shavu na ufizi, utulie, kisha utafune tena. Kahawa na soda huizuia isifyonzwe, kwa hiyo unaziacha robo saa kabla. Tena mvutaji wa namna yake, anayewasha hajanawa uso, alihitaji miligramu 4. Yote haya nilimweleza boksi likiwa limekwisha.

## Siku nane za gereji

Siku ya kwanza alirekebisha mlango wa bafu. Siku ya pili alivunja chupa ya chai, hakuna aliyejua kwa nini. Siku ya tatu mkewe alikuja zahanati, hakukaa kwenye benchi, akaniambia: "Musawo, huyu mwanaume mliyenirudishia ni yupi?" Hakuwa ameambiwa lolote. Mumewe alitaka kumshangaza wiki ikiisha. Mimi nilidhani ameambiwa. Kwa siku tatu mama wa watu alikuwa anaamini kuna mwanamke mwingine, kwa sababu kila saa kumi na mbili asubuhi mumewe alikuwa anatoka nje na simu na kutuma pesa.

Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi. Tangu hapo yeye ndiye aliyeshika usukani. Aligundua kabla yangu kwamba kinachomsumbua mumewe si mdomo peke yake, bali na mikono. Karanga zilisaidia kidogo, muwa ukasaidia zaidi: unaushika, unaumenya kwa meno, unatafuna, unatema, unaanza tena, na kipande kimoja kinakula wimbi zima la hamu. Ua lilijaa makapi kama karakana ya sukari.

Usiku hakulala. Nilidhani ni arosto, kumbe nusu yake ilikuwa kahawa. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuiondoa kafeini mwilini, na mvutaji akiacha, kafeini ileile ya kila siku inakaa mwilini muda mrefu zaidi na kumpiga kwa nguvu. Madereva wa masafa marefu wanaishi kwa kahawa na soda za kuongeza nguvu, na Baba Zai hakuwa amepunguza hata kikombe. Tulizikata kwa nusu siku ya tano. Siku ya sita alilala usiku mzima.

Siku ya nane, kabla ya kuchukua gari, waliosha kabini. Mapazia yalilowekwa kwenye sabuni ya unga na maji yakatoka rangi ya chai. Kisahani cha majivu kiling'olewa na fundi, pakabaki tundu lenye skrubu mbili, na humo sasa anaweka sarafu.

Tanboi alikuwa na miaka 19, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasha. Walikubaliana kwamba hatavuta ndani ya gari. Kwa siku chache za mwanzo, ikifika usiku, kijana alikuwa ananyoosha mkono mtupu kumpa mkubwa kitu ambacho hakipo, kwa mazoea tu. Wote wawili wakawa wanakicheka.

## Siku ya 23

Elegu tena, foleni tena, chini ya trela lilelile. Usiku, baada ya chakula, alivuta sigara mbili. Hakulazimishwa na mtu. Aliomba mwenyewe.

Alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo, alimpigia Hajati.

"Hajati, nimeanguka."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Elfu sita umetuma?"

"Bado."

"Tuma kwanza, halafu tuongee."

Akatuma. Mazungumzo yenyewe hayakufanyika. Hajati anasema alisahau, siku ile alikuwa anapokea mzigo wa nyanya. Baba Zai alingoja simu hadi saa sita mchana, na anasema kule kungoja ndiko kulikompitisha asubuhi. Hamu ilirudi kwa nguvu kama siku tatu, kisha ikalegea. Tangu siku hiyo hajavuta, na leo ni mwezi wa 14 tangu siku ya kwanza ya gereji. Hatuna kifaa cha kupima hewa ya mapafu, kwa hiyo ninategemea neno lake na pua ya mkewe, na kati ya hivyo viwili naiamini zaidi pua.

## Matokeo

Fedha kwanza, za mwaka kamili. Alituma siku 334 kati ya 365. Zilizokosekana ni siku za Juba na siku chache alizogombana na Hajati. Jumla 2,004,000. Kati ya hizo, 240,000 zilimaliza deni la ada, 960,000 zililipa mihula miwili iliyofuata, 540,000 zilinunua mabati 12 kwa bei ya 45,000, na 264,000 zilikuwa bado kwenye laini ya kikundi mwaka ulipofungwa.

Lakini si haki kusema ameokoa elfu sita kwa siku. Miwa, karanga na mayai ya kuchemsha vinamla kama elfu moja, juu yake kuna ada za kutuma. Faida halisi iko chini kidogo ya elfu tano. Matangazo ya kuwaambia watu waache sigara hayataji kamwe hiyo elfu moja, na mtu akiiona mwenyewe anadhani amedanganywa yote.

Mwili: kikohozi kiliongezeka wiki ya pili, akaogopa, nikamweleza kwamba vinyweleo vya njia ya hewa vinaanza tena kufagia. Kilikwisha kabisa kama wiki ya kumi. Aliongezeka kilo tano, na mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Shinikizo la damu mwezi wa tatu lilikuwa 138 juu ya 88, ila wakati huohuo mkewe alikuwa amepunguza chumvi, kwa hiyo sitaipa sigara sifa zote. Nilimwambia kwamba baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo aliyojiongezea kwa kuvuta hupungua hadi kama nusu, na kwamba ya saratani ya mapafu hushuka hadi kama nusu ya mvutaji baada ya miaka kumi. Akahesabu vidole: "Nitakuwa na 56. Mabati yatakuwa yameshika kutu."

## Kilichoshika, na kwa nini

Watu wengi niliowasimulia wanasema kilichomponya ni ada ya binti. Sikubaliani. Alikuwa na binti huyohuyo mwezi Januari, na ada ilikuwa inadaiwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba pesa ya sigara ilipewa mwenyewe mwingine kabla ya saa ya kwanza ya sigara. Saa kumi na mbili asubuhi haikuchaguliwa kwa sababu ya sala wala soko. Hajati alijua, kuliko mimi mwenye cheti, kwamba huyo ni mtu wa kuwasha akiwa bado kitandani. Alimweka simu mkononi saa ambayo mkono ulikuwa unatafuta kiberiti.

La pili ni namna siku ya 23 ilivyopokewa. Januari, sigara moja ilimaliza kila kitu, kwa sababu mpango wote ulikuwa kutovuta: ukivuta mpango umekufa, na wa kumwambia alikuwa mimi, mwenye picha ya pafu. Mara ya pili, sigara mbili hazikugusa mpango. Asubuhi ilifuata na kazi yake ileile, aliyoweza kuifanya sawasawa hata mdomo ukiwa bado unanuka, na alikuwa bado anadaiwa siku 17. Sikubuni hili. Ningelibuni mimi, ningeweka faini kwa anayeteleza, na nadhani ningempoteza.

Deni lenyewe linanitia wasiwasi kidogo. Lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa dogo, halina riba, na lenye mwisho unaoonekana. Nimeona watu wakijifunga kwa mikopo mikali ili wajilazimishe tabia njema, wakaishia na mkopo na tabia.

## Kilichoharibika

Mke kutoambiwa. Chingamu bila maelezo. Kahawa. Haya matatu ni yangu, na yote yangezuiwa na dakika kumi za mazungumzo.

Zile sigara nne tano za kugawa sikuziona kabisa. Kwa dereva, sigara ni salamu, ni shukrani, ni mafuta ya kulainishia mlango uliokwama. Alipoacha kununua alikosa cha kumpa askari wa geti, na kwa wiki kadhaa alihisi kama mtu anayekuja matangani mikono mitupu. Sasa anabeba karanga kwenye vikaratasi. Anasema si sawa. Karanga mtu anazipokea na kuondoka, sigara mtu anasimama nawe mpaka iishe.

Halafu kuna mama mwenye kibanda. Naye ni mwanachama wa kikundi, akiba yake imo kwenye laini ileile anakotumia Baba Zai. Sigara za rejareja ndizo zinazomlipia kodi ya chumba. Alisimama kwenye mkutano akasema, "Mnaniharibia biashara, halafu mnaniletea daftari niweke akiba. Niweke nini?" Kwa sheria kosa ni lake. Kwenye mkutano ule hakuna aliyekuwa na jibu, hata mimi, na sikwenda kumshtaki popote. Baba Zai hununua mayai kwake, matatu kila akipita. Hayafikii elfu sita.

Na zahanati kama zetu hazijajipanga kwa watu hawa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 7.9 ya watu wazima Uganda. Mtu akisoma hivyo ofisini anaona ni wachache, kuna malaria na kuna uzazi. Ila wachache hao hawakutawanywa sawasawa. Kwenye uwanja wetu wa malori, usiku, unaweza kuwahesabu kwa vimoto.

Tanboi bado anavuta. Aliheshimu kabini kwa miezi sita, kisha akahamia gari la dereva mwingine, ambaye anahitaji wa kumwashia. Tulikuwa naye kila siku, akinawa na kula nasi, na hakuna kati yetu aliyemwuliza kama na yeye anataka.

Madereva wengine watatu waliomba mpango wa Hajati. Mmoja anaendelea. Wawili waliuacha ndani ya wiki mbili, na nilipochunguza niliona kwamba hawa hawakuwa na deni lolote la kuanzia. Walikuwa wanatuma pesa zao kwao wenyewe, na ni rahisi kujisamehe.

## Mahali tulipofika

Mwezi uliopita Baba Zai aliomba apunguziwe, atume elfu nne badala ya sita, kwa sababu safari zimepungua na tajiri amekata pesa ya njia. Hajati amekataa. Anasema sigara hazijashuka bei, na siku atakapokubali elfu nne, elfu mbili iliyobaki itakwenda kutafuta kibanda. Mimi ningekubali, maana miezi 14 si siku 23, na mtu aliyefika hapo aachiwe kupumua. Tulibishana mbele ya mizani ya vitunguu karibu saa nzima, na Baba Zai akiwa kati, anamenya yai. Hadi leo anatuma sita.